Kijani cha Gauni la Usharika

Kwetu mlimani, enzi za Mwingereza, bibi harusi hakuvuka mfereji wa kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Alibebwa. Akina mama wawili wenye mikono ya jembe walimshika huku na huku, wakamnyanyua kama mkungu wa ndizi, wakamtua ng'ambo, na vigelegele vikapigwa. Kwenye ngazi za kanisa walimnyanyua tena, maana ngazi zetu zilikuwa za mawe ya mtoni na kila jiwe lilikuwa na kimo chake. Nilipokuwa mdogo niliamini hiyo ni desturi ya tangu Adamu. Wote tuliamini. Ukiuliza, unaambiwa bibi harusi ni malkia wa siku moja na malkia hakanyagi tope, kwa hiyo nyamaza ule nyama yako.

Nilipotangazwa kanisani mimi mwenyewe ndipo nilipoanza kulitazama jambo hilo kwa macho ya mtu anayehusika. Nikagundua kwamba umalkia haumo kabisa, na kwamba kilichotufanya tubebwe ni gauni.

Usharika wetu ulikuwa na gauni moja la harusi, na nikisema moja nina maana moja. Nani angenunua nguo nyeupe ya kuvaa siku moja, wakati hata sanda ilikuwa ya kutafuta? Gauni liliachwa na mke wa misionari wa Kijerumani, zamani sana, na wanasema mama huyo alikuwa mwembamba kama fito. Tangu hapo kila msichana wa upande wetu wa mlima aliolewa ndani ya nguo yake. Lilihifadhiwa kwenye sanduku la bati, pamoja na majani makavu ya tumbaku ya kufukuza wadudu, chini ya kitanda cha Mama Mwinjilisti, mke wa mwinjilisti wetu. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Ukitangazwa unakwenda kwake, unalijaribu, unapewa uende nalo nyumbani kubana au kuachia kidogo, na baada ya harusi unalifua na kulirudisha jinsi lilivyokuwa. Sheria yake ilikuwa fupi: sindano ruhusa, mkasi marufuku.

Juu lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Lilikuwa na kola ya lesi na mikono mirefu yenye vifungo vilivyofunikwa kitambaa. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini lilikuwa mfuko wa mwavuli. Ukilivaa, magoti yanaamkiana. Unakwenda nusu hatua, nusu hatua, na mfereji wenyewe, ambao mbuzi anauruka huku anatafuna, unakuwa mto Pangani.

Dada yangu mkubwa aliolewa miaka michache kabla yangu, wakati wa masika. Wale akina mama wawili wakamshika, wakamnyanyua, mmoja akateleza. Dada akaingia mfereji mzima mzima, na kola yake na vifungo vyake. Alikaa ibada yote amelowa chapachapa, maji yakimchuruzika mpaka mbele ya madhabahu, na tangu siku ile jina lake la ubatizo likafa. Sokoni, shambani, hata kwa wakwe zake, akawa Mama Mfereji. Yeye alicheka pamoja na watu, kwa kuwa ana moyo mpana. Mimi sina moyo huo. Nilijiapiza kwamba nitakwenda kanisani kwa miguu niliyopewa na Mungu na nitavuka ule mfereji mwenyewe, mchana kweupe, watu wote wakinitazama.

Hapa sina budi niseme juu ya hasira zangu. Zilikuwa moto wa majani makavu ya mgomba: unalipuka mpaka darini, na kabla hujafika na maji umekwisha zimika. Mama yangu, aliyezaliwa Machame akaolewa Meru, alikuwa akisema watoto wake wengine aliwazaa ila mimi aliniwasha. Pua ndizo zilizokuwa zikiniumbua. Tundu zake zikianza kutanuka tu, watu wa nyumbani wanahamisha vyungu.

Basi nikaenda kwa Mama Mwinjilisti kulijaribu gauni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa umri wa kuitwa bibi, mwenye kukaa benchi la mbele na kugeuka nyuma ukikohoa. Alinivisha mwenyewe. Gauni likapita mabegani, likapita kifuani kwa maombi, likafika nyongani likagoma. Akalivuta. Akarudi nyuma, akaniangalia toka chini hadi juu, akasema Mungu hakuninyima kitu, ila alipofika hapa katikati alisahau kuacha kutia. Akina mama waliokuwapo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikasikia pua zinaanza.

Nikamwomba nilitanue chini, kuanzia magotini. Akasema gauni hilo limewatosha wasichana wote wenye adabu ya kutembea, kwa hiyo nijifunze kutembea. Nikamwambia sitaki kubebwa. Pale uso wake ukabadilika, akasema atakayevaa gauni hili atabebwa kama wenzake walivyobebwa, hiyo ndiyo heshima yake, na asiyetaka heshima atafute gauni lingine. Halafu akaongeza kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nani angeweza kuinama na gauni lile? Nikalifunga kwenye shuka nikaondoka, na sidhani kama niliaga inavyopasa.

Kutafuta lingine au kuahirisha hakukuwezekana. Mchumba wangu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, naye alikuwa amehamishiwa Tanga. Likizo aliyopewa ilikuwa ya kuoa na kuondoka: harusi Jumamosi, treni Jumatatu. Tusipooana safari hiyo, likizo nyingine itakuja lini hakuna aliyejua. Nilipomweleza kilio changu alinijibu kwa upole kwamba yeye atanioa hata nikija ndani ya gunia la kahawa. Alidhani ananifariji. Sikusema naye siku nzima, kwa sababu gunia la kahawa lilikuwa na nafasi kuliko lile gauni.

Miezi hiyo nilikuwa nauza ndizi na mayai Tengeru, kwenye kambi ya Wapolandi. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanadhani natania, lakini walikuwapo. Vita vya Ulaya viliwang'oa kwao, vikawazungusha dunia, vikawatua chini ya mlima wetu, wengi wao wanawake na watoto. Serikali iliwajengea vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa na kuezekwa nyasi. Wazee wetu walikwenda kutazama tu, wasiamini kwamba Mzungu anaweza kupewa msonge akashukuru. Mimi nilikwenda kwa ajili ya biashara. Walikuwa wanapenda mayai na hawakuwa wanabishana sana.

Jumamosi moja nikawakuta wasichana wao uwanjani wanafanya mazoezi ya ngoma ya kwao. Mzee mmoja alikuwa amekumbatia kinanda cha kifuani, anakivuta na kukibana. Sketi zao zilikuwa za kawaida kabisa walipokuwa wamesimama. Walipogeuka, loo, zikafunguka! Zikanyanyuka pande zote zikawa duara, na wasichana waliposimama zikarudi chini zikatulia kama hazikufanya lolote. Nilitua kapu la mayai katikati ya njia nikasimama pale nimeacha mdomo wazi. Nilikuwa sijawahi kuona nguo ndefu, ya heshima, inayompa mtu nafasi ya miguu yake. Furaha iliyonijia siku ile naikumbuka mpaka leo, ilikuwa furaha ya kumeza mate.

Mteja wangu mmoja alikuwa mama wa makamo, mshonaji, mwenye cherehani ya mkono kwenye kibanda chake. Kiswahili alikuwa amejiokotea sokoni: alijua hesabu, majina ya mboga na kukataa bei. Siku iliyofuata ya soko nikamfunulia lile gauni, nikamwonyesha kwa mikono jinsi ninavyotaka litanuke, halafu nikamwonyesha kwa vidole viwili kwamba mkasi nimekatazwa. Alilishika kwa heshima kubwa, akaligeuza ndani nje, akapitisha kucha kwenye mshono mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Gauni lilikuwa la mapande manne. Akanitazama akacheka.

"Hapana kata," akasema. "Fungua."

Jamani! Mishono ilikuwapo siku zote. Ukiifumua kuanzia magotini kwenda chini, unapata mianya minne, na kila mwanya unatiwa pande la pembe tatu, kichwa juu, mguu mpana chini. Sindano tu. Baada ya harusi unafumua mapande yako, unarudishia mishono, na gauni linarudi sandukuni bila jeraha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akanifundisha kukata pembe tatu kwa gazeti kwanza, akanionya kwamba kichwani ndipo kazi ilipo, ukikosea hapo kitambaa kitakunja uso. Nilimlipa kwa ndizi na mayai, na nadhani alifurahi kuliko mimi. Siku ya mwisho ya kunifundisha alivaa sketi yake mwenyewe akazunguka pale kibandani ili nione pindo linavyotakiwa kuanguka, halafu akakaa kitandani akalia kidogo, akafuta macho, akanihimiza niendelee kushona vipande vya majaribio. Nikashona.

Kitambaa kilikuwa kisa kingine. Nilikwenda Arusha mjini kwa miguu, nikaingia maduka ya Wahindi moja baada ya jingine, na kila mwenye duka alitikisa kichwa. Vita vilikuwa vimekwisha lakini nguo ilikuwa bado haijapata habari. Mwishowe yule mama wa Kipolandi akanitolea nusu ya shuka lake. Lilikuwa jeupe pee. Na gauni, kwa uzee wake na tumbaku yake, lilikuwa limegeuka rangi ya samli. Ukiweka hiki kando ya kile, unaona kiraka kutoka ng'ambo ya bonde. Mama yule akafikiri, akainua kikombe chake akanionyesha kilichomo. Kahawa. Ichemshe, akanieleza kwa mikono, lowesha kitambaa humo, kitazeeka mara moja.

Nikaenda nyumbani naimba. Kahawa! Kama kuna kitu tulichokuwa nacho, ni kahawa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipojiaibisha. Sisi tulilima kahawa, tuliichuma, tuliimenya, tuliianika, tuliipepeta, tuliichagua punje kwa punje, tukaibeba mpaka ghala la chama. Kisha tukarudi nyumbani tukanywa chai. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa ameionja. Hatukuwa tumewahi kuona imekaangwa, wala hatukujua kama inakaangwa. Ilikuwa inaondoka kwetu ikiwa na rangi ya jiwe la mtoni, na nilidhani inafika Ulaya hivyo hivyo, inatiwa kwenye maji, inageuka nyeusi kwa uwezo wa Wazungu.

Basi mimi na mama tukatia punje mbichi kwenye chungu kikubwa, tukachemsha mpaka kuni zikatuishia. Maji yakawa ya manjano hafifu, kama ya kuoshea mchele. Mama akaonja, akatema, akasema haishangazi Wazungu wana hasira. Akaona rangi haina nguvu, akaleta magadi. Mama yangu aliamini magadi baada ya Mungu. Maharage yakikataa kuiva, magadi. Tumbo likivimba, magadi. Akatia fumba zima, tukazamisha kitambaa, tukakifunika tukaenda kulala.

Asubuhi nikafunua. Kitambaa kilikuwa cha kijani.

Si kijani cha kubabaisha. Kijani cha jani la mgomba linalofunguka. Nikakiinua juu kwa kijiti, mama akakitazama, nikamtazama mama. Akasema labda kikikauka. Kikakauka, kikawa kijani zaidi. Nikakifua kwa sabuni ya mche, na naapa, kila nilivyosugua kiliiva. Dada yangu alipokuja kuona alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka akashindwa kusimama, akasema ama kweli Mama Mfereji sasa atapata mwenzake. Nikamfukuza. Nikarudi ndani nikapiga teke ule mlima wa punje zilizochemshwa zikatawanyika jikoni kote, halafu ikabidi niziokote mwenyewe, na kufikia punje ya mwisho hasira zilikuwa zimekwisha na kilichobaki kilikuwa hofu.

Maana nilikuwa na njia mbili. Niiache mishono ilivyo nibaki na mfuko wa mwavuli, nibebwe, nisubiri kuona safari hii nani atateleza. Au nitie kijani kwenye gauni la usharika, nitembee, na Mama Mwinjilisti asipokubali, sina gauni. Bila gauni mbele ya wazee wa usharika nisingefungishwa ndoa Jumamosi, na Jumatatu treni inaondoka na mchumba wangu. Nilikaa na wembe mkononi mpaka mama akaniuliza kama nangoja malaika. Nikafumua mishono yote minne, nikashona kijani. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona kitu chochote. Kichwani pa kila pembe hapakukunja uso.

Ijumaa mchana tukalipeleka, kwa kuwa desturi ilikuwa bibi harusi avalishwe nyumbani kwa Mama Mwinjilisti na gauni lilale kwake siku moja kabla. Mama alikata jani la isale kwenye ua wetu akanipa nilishike. Isale ni jani la kuombea radhi. Kwa watu wa mama yangu hata mwenye damu mkononi akija na jani hilo anasikilizwa, na huku Meru pia linaheshimiwa. Mtu akikuletea isale huwezi kumfukuza.

Tulimkuta uani anachambua mboga. Nikampigia goti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia jani. Nikampa. Nikakunjua gauni mapajani pangu, nikamweleza lote, shuka, kahawa, magadi, na kwamba mkasi haukugusa hata uzi mmoja wa gauni lake. Alipokea jani kwa mikono miwili.

"Radhi nimetoa," akasema. "Gauni sijatoa."

Mama akanifinya nisijibu. Sijui tundu za pua yangu zilikuwa zimefika wapi, lakini nilikaa kimya, na hiyo ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama Mwinjilisti akasema nilivae, alione lilivyoharibika. Nikaingia ndani nikalivaa. Nilipotoka nimesimama wima, kijani hakikuonekana sana, kilikuwa kimejikunja ndani ya mikunjo. Akaniamuru nitembee mpaka kwenye mgomba wa mwisho nirudi.

Nikatembea. Kwa kweli sikutembea, nilipiga hatua za mtu anayekwenda kugombana shambani. Nilipofika kwenye mgomba nikageuka kwa ghadhabu, na gauni likafunguka. Nililisikia likipiga upepo kwenye vifundo vya miguu. Mapande manne yakatokeza yote kwa pamoja, kijani, cheupe, kijani, cheupe, kisha yakarudi mahali pake.

Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie tena, safari hii nigeuke kwa haraka zaidi. Mboga zilikuwa zimemwanguka mapajani na hakuziokota. Mama yangu akaanza kutazama mawingu, maana alikuwa anakaribia kucheka na hakujua kama inaruhusiwa.

"Niliolewa mimi kwanza na gauni hilo," Mama Mwinjilisti akasema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa. "Mama wa misioni alinivisha kwa mikono yake. Nikafika kwenye mfereji nikashindwa kuvuka. Nikasimama pale, watu wakacheka, baba yangu akaona haya akaita wanawake wawili wanibebe. Jioni wakaniuliza kwa nini nilibebwa. Nikawaambia ndiyo heshima ya bibi harusi. Nikasema, nikasema, mpaka na mimi nikaamini."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka yote ile tulipokuwa tunamwona mkali, alikuwa analinda aibu hiyo. Nilimhurumia, na nilimpenda ghafla, na nilitamani nimwombe radhi upya kwa jani jingine.

Hakusema ndiyo. Aliniingiza ndani, akanivua gauni, akapuliza mkaa kwenye pasi, akaanza kulinyoosha pindo mwenyewe, pande moja moja. Nilipolisogelea kumsaidia akanisukuma mkono. Akaniambia kesho niwahi, nywele zangu zitachukua muda.

Jumamosi jua lilitoka zuri. Kilele cha mlima kilikuwa wazi, jambo ambalo miezi ile si kawaida, na watu wakasema ni dalili njema. Tulishuka kwa nyimbo tangu kwa Mama Mwinjilisti, mimi mbele na yeye nyuma yangu, na kwa sababu nilikuwa napiga hatua zangu kamili kwaya ilibidi ikaze mwendo ili isiachwe. Nilisikia watoto wakiulizana juu ya kijani, na bibi mmoja akiwajibu kwa uhakika mkubwa kwamba ndivyo wanavyovaa Tanga. Mchumba wangu alikuwa amesimama ng'ambo na wazee, ndani ya suti iliyomzidi mabega. Aliniona nakuja na hatua za mwanamke anayejua anakokwenda, na uso wake ulifunguka wote. Nilisamehe maneno ya gunia siku hiyo.

Kwenye mfereji wale akina mama wawili walikuwa tayari, wamekunja mikono ya nguo. Mmoja wao alikuwa yule yule aliyeteleza na dada yangu. Wakanyoosha mikono kunishika.

"Mwacheni," Mama Mwinjilisti akasema nyuma yangu. "Ana miguu."

Wakarudi nyuma, mikono bado hewani. Nikarudi hatua moja, nikaruka. Wengine walinieleza baadaye lilivyoonekana, lilivyofunguka lote juu ya maji. Mimi nakumbuka tu kwamba nilitua upande wa pili mkavu, na kwamba kigelegele cha kwanza kilichopanda kilikuwa cha dada yangu.

Nikageuka kumwangalia Mama Mwinjilisti. Kila mtu alijua yeye havuki hapo. Jumapili zote alizunguka mbali juu, penye gogo, na tulidhani ni kwa ajili ya magoti. Safari hii hakuelekea kwenye gogo. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, anaangalia maji. Nikafikiri kuna kosa ameliona kwenye gauni. Akanyoosha mkono wake kwangu.

"Nishike, mwanangu," akasema.

Nikamshika. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akakusanya sketi yake kwa mkono mwingine akaipandisha mpaka magotini mbele ya wazee wote wa usharika, akaruka. Alitua vibaya kidogo, akanikanyaga kidole, na tulikuwa tumeshikana tunacheka wote wawili mchungaji alipotuma mtu kuuliza kama bado kuna harusi.